Ile "Ku" Iliyobaki Niboye

Nilipokuwa mtoto, kwetu Biryogo, mtaa wa Kigali, dawa haikuwa dawa mpaka iwe imeandikwa. Hiyo ilikuwa imani ya bibi yangu mzaa baba, na kwa kuwa nyumba ilikuwa yake, ikawa imani yetu sote. Kwao Ujiji, alikozaliwa, mtu akiugua mwalimu humwandikia kombe kwenye sahani kwa zafarani, maandishi yakaoshwa kwa maji, na mgonjwa akanywa. Bibi alianzia hapo akajitungia sheria zake. Dawa iliyoandikwa, alisema, haiongezwi neno wala haipunguzwi. Atakayethubutu, maumivu yatamtoka mgonjwa yamwingie yeye, palepale yalipokuwa. Kama ni jino, jino. Kama ni mgongo, mgongo.

Mimi, Zaina, nilikuwa na miaka tisa na ndiye niliyekuwa msomaji wa nyumba. Bibi alisoma msahafu vizuri sana, lakini herufi za shule zilimpiga chenga, kwa hiyo kila karatasi iliyoingia mlangoni ilipitia kwangu, hata za kufungia sukari. Za dawa nilizisoma nikifuata neno kwa kidole, pole pole, jasho likinitoka. Sikutaka kurithi jino la mtu.

Kitu kingine cha kujua kuhusu Bibi ni Kiswahili chake. Alikuwa ameishi Kigali miaka zaidi ya arobaini na Kinyarwanda alikisikia chote, mpaka cha mafumbo, lakini mbele za watu hakikumtoka mdomoni. Aliona akikisema atakuwa ameshindwa mchezo ambao sisi wengine hatukujua kama unachezwa. Kiswahili chetu sisi watoto, chenye "iko" kila mahali na herufi ele na ere zikibadilishana viti, kilimuudhi kweli kweli. Ukimwambia "Bibi, chakura iko tayari," hali. Atakaa pale na njaa yake mpaka urudie sawasawa. Mama yangu, ambaye alizaliwa Gitarama na Kiswahili alikijulia kwenye ndoa, alizungumza na mama mkwe wake kwa sentensi fupi fupi asije akakosea.

Mwaka tisini na mbili, wakati wa mvua, goti la kulia la Bibi lilivimba. Lilianza kwa kuuma anaponyanyuka, likaja kuuma anapokaa, mwisho likawa linauma hata anapolitazama. Mama alilikanda kwa chumvi ya mawe iliyokaangwa na kufungwa kitambaani. Alilifunga tangawizi iliyotwangwa, ikamchoma Bibi ngozi na goti likabaki vilevile. Alilifunika majani ya umuravumba, ule mmea wa harufu kali uliokuwa kwenye kila ua mtaani kwetu, tukanuka umuravumba nyumba nzima mpaka wateja wa baba wakawa wanapiga chafya kwenye baraza. Baba alikuwa fundi cherehani na alishonea hapo hapo barazani.

Haya yote, kwa maoni ya Bibi, yalishindwa kwa sababu moja: hayakuandikwa na mtu.

Tulimcheka chini kwa chini, lakini jambo lenyewe lilimuumiza, na siyo goti tu. Ilibidi aswali akiwa amekaa kwenye kiti. Mwanamke aliyekuwa anasujudu tangu utoto wake sasa aliinamisha kichwa tu, na akimaliza alikuwa anaukunja mkeka ambao hakuukalia. Nilimuonea huruma sana siku hizo. Ningemfanyia chochote, au ndivyo nilivyodhani.

Ndipo akaja Mzee Gaspari. Alikuwa mteja wa baba, mtu mrefu mwenye sauti ya upole, aliyekaa Niboye, mtaa mwingine wa Kigali, na kuuza kamba na majani ya dawa sokoni. Alikuja kupimwa suti ya harusi ya binti yake. Kiswahili alikiokota ukubwani, na alikuwa anakitumia nyumbani kwetu kwa ajili ya kumheshimu Bibi tu, maana kwao hakuna aliyekihitaji. Alimkuta Bibi amelala. Baba akamsimulia habari za goti, akamweleza na ile sheria ya kuandika. Mzee Gaspari hakucheka. Alifungua mfuko wake akatoa unga wa majani yaliyokaushwa, akaufunga vizuri, kisha akaomba kipande cha ile karatasi baba aliyokatia mitindo, akaandika kwa chaki ya fundi. Akaniachia mimi, akaenda zake, akisema Jumamosi ya wiki inayofuata atarudi kuchukua suti.

Bibi alipoamka nilisimama mbele yake nikasoma: "Mama, unga hii iko nzuri ya goti. Changanya na mafuta ya paka. Tia kira siku asubuhi na jioni. Itapona."

Bibi aliniambia nirudie. Nikarudia. Akauliza kama kweli imeandikwa mafuta ya paka, nikamwonyesha kwa kidole, ma-fu-ta, ya, pa-ka. Akafumba macho kidogo kama mtu aliyesikia hukumu, kisha akafungua na kutazama mlangoni, ambapo Shemeji alikuwa amejinyoosha kwenye jua.

Shemeji alikuwa paka wangu. Alipewa jina hilo kwa sababu alikuja bila kualikwa, alikula bila kuulizwa, na hakuna aliyepata ujasiri wa kumfukuza. Alikuwa wa kijivu, mwembamba, sikio moja limechanika. Nilimpenda kuliko ndugu zangu wawili, na nilishawahi kuwaambia hivyo.

Mama ndiye aliyejaribu kwanza. Alisema kwa adabu yote kwamba labda mzee alitaka kusema mafuta ya kujipaka mwilini, haya tunayonunua dukani. Bibi akamgeukia.

"Mafuta ya paka ni mafuta ya paka," alisema. "Angetaka ya kupaka angeandika ya kupaka. Au leo ni wewe utakayenifundisha Kiswahili, mama Zaina?"

Mama akarudi jikoni. Na ukweli ni kwamba kwa Kiswahili cha Bibi, Kiswahili safi cha Ujiji, Bibi hakukosea hata kidogo. Mafuta ya kupikia, mafuta ya taa, mafuta ya kupaka, mafuta ya paka: kila moja lina mahali pake. Hakuweza kufikiria kwamba mtu mzima, mwenye suti inayoshonwa, angeidondosha "ku" njiani asione amepoteza kitu. Sisi wa mtaani tuliidondosha kutwa nzima. Mimi mwenyewe nilikuwa nikitumwa dukani nasema nipe mafuta ya paka, na muuzaji hajawahi kunishikia paka. Lakini hilo halikunijia kichwani siku ile. Ilikuwa imeandikwa, mimi ndiye niliyesoma, na Bibi alikuwa ameamua. Niliganda kwa hofu.

Swali la dini alilimaliza mwenyewe kwa dakika moja. Hayali, anajipaka. Na kabla ya swala atanawa. Kazi ya kuchinja akampa baba, Alhamisi.

Hapo baba yangu, mtu mpole asiye na makuu, alianza kuteseka. Mtaani kwetu kila mtu alijua kwamba anayemuua paka hutetemeka mikono maisha yake yote. Kwa mkulima si kitu, atalima akitetemeka. Kwa fundi cherehani ni kufa njaa. Jumatatu jioni alikuwa amekaa mbele ya mashine akiitazama mikono yake, ameinyoosha, anaigeuza. Jumanne alisema imeanza. Mama akamwambia bado hujaua chochote. Akasema inajua kinachokuja. Siku ile alishona mfuko wa suti ya Mzee Gaspari juu chini, akaufumua, akaushona tena juu chini.

Mimi nilikuwa silali vizuri wala sili. Shuleni nilikuwa natazama ubao naona sikio lililochanika. Nilifikiria kumficha Shemeji, lakini paka hafichiki, anarudi kwa chakula. Nilifikiria kumwambia Bibi kwamba nilisoma vibaya, lakini karatasi ilikuwepo, ameikunja ndani ya kanga yake, na angeweza kumpa mtoto mwingine yeyote aisome. Njia moja tu ilibaki: kuongeza neno. Na kuongeza neno nilijua kunaleta nini. Nililitazama goti lile lililojaa, linang'aa kama biringanya, nikawaza liwe langu, nitakuwa narukaje kamba. Nakuambia, sijawahi kupima jambo kwa uzito ule hata nilipokuwa naolewa.

Jumatano jioni nilikwenda nikapiga magoti mbele ya Bibi.

"Bibi, kuna neno nililiruka nikisoma," nilisema. "Imeandikwa mafuta ya paka mnene."

Bibi alinitazama. Alinitazama muda mrefu, mpaka nikaanza kusikia goti langu la kulia likiwasha. Halafu akaigeuza shingo akamtazama Shemeji, mbavu zake zote zinahesabika.

"Huyu hana mafuta hata ya kukaangia yai," akasema. "Haya. Anenepeshwe kwanza."

Ndivyo ilivyoanza wiki ambayo Shemeji hakuisahau. Asubuhi maziwa. Mchana dagaa, tena waliochambuliwa vichwa. Jioni mapupu yaliyochemshwa bila chumvi, kwa sababu chumvi, Bibi alisema, inakausha mafuta. Sisi tulikuwa tunakula maharage tukimtazama. Kaka yangu aliuliza kama naye anaweza kuchinjwa, ili alishwe vile, akapigwa kofi dogo.

Bibi hakumwachia mtu mwingine kazi ya kulisha. Alikaa kwenye kiti chake, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, akawa anampa kipande kimoja kimoja kwa mkono. Na paka si mjinga. Siku ya pili alipanda mwenyewe mapajani. Siku ya tatu alipata mahali pake, juu ya goti lile lile la kulia, akajikunja, akaanza kukoroma. Bibi alisema ashushwe. Nikamshusha, akapanda tena. Bibi akasema basi mwache kidogo tu, lina baridi leo. Kesho yake hakusema kitu. Keshokutwa nilimsikia akimwita, kwa sauti ya chini, "Shemeji, njoo baba," na mimi nikajibanza nyuma ya mlango nikacheka mpaka machozi.

Lakini sikuwa na raha, maana kadiri alivyonenepa ndivyo siku yake ilivyokaribia. Nilikuwa nambonyeza mbavu kila asubuhi kabla ya shule nikiomba asinenepe. Alikuwa ananenepa kwa furaha.

Jumamosi ile aliyoahidi, Mzee Gaspari akaja kuchukua suti. Baba alimpa, na mara tu alipoiachia akaificha mikono mgongoni. Bibi alikuwa barazani kwenye kiti, Shemeji amemjaa gotini. Mzee alisalimia kwa kofia mkononi, akauliza unga umesaidiaje.

Bibi akamwambia bado hajautumia, anangoja mafuta.

"Mafuta gani unangoja, mama?" Mzee alishangaa. "Duka iko pale."

"Ya paka," Bibi akasema.

"Ndiyo. Ya paka." Na Mzee Gaspari, ili aeleweke, akainama akalishika goti lake mwenyewe, akalisugua kwa kiganja, juu chini, juu chini. "Namna hii, mama. Ya paka."

Mama alikuwa ametokea mlangoni na mwiko mkononi, ameuma mdomo, mabega yanacheza. Mzee alimtazama Bibi, akamtazama paka, akatutazama sisi, na mimi nikaona inavyomfikia kidogo kidogo. Akamtaja paka kwa Kinyarwanda, kwa hofu kabisa: "Injangwe?"

Bibi hakujibu kwa Kinyarwanda. Alijiweka sawa kitini, akamshika Shemeji asidondoke.

"Mzee Gaspari," alisema, "hiyo ku uliyoiacha kwako Niboye nusura itoe roho ya kiumbe."

Mzee aliomba radhi kana kwamba amevunja sahani. Alisema ku ataileta, safari ijayo ataileta mbili. Hapo Bibi mwenyewe akacheka, kicheko chake kile cha puani, na tukajua tumeruhusiwa. Baba alicheka mpaka akalala juu ya mashine. Alipoinuka aliinyoosha mikono yake, akaitazama, ilikuwa imetulia tuli. Mimi sikucheka, nililia. Nilimchukua Shemeji nikaenda naye nyuma ya nyumba, mzito kama mtoto wa watu, nikalia mpaka akachoka akarudi kwa Bibi.

Unga ulichanganywa na mafuta ya dukani jioni ile ile, na Bibi akajipaka asubuhi na jioni, huku paka akiendelea na zamu yake katikati. Baada ya kama wiki tatu uvimbe ulikuwa umepungua sana. Ijumaa moja nilimwona ametandika mkeka, ameshuka pole pole, mkono mmoja ukutani, akasujudu. Sijui sifa apewe nani, unga, joto la paka au kile kicheko. Majirani hawakuwa na shaka. Walisikia kwamba Bibi wa Biryogo katibiwa na paka, na kwa miezi kadhaa wanawake walikuja kumwazima Shemeji kwa ajili ya viuno na migongo yao. Alirudishwa kila mara akiwa ameshiba. Kama mimi ndiye niliyeianzisha imani hiyo, basi ni uongo wangu ulioishi zaidi kuliko mwingine wowote.

Mzee Gaspari alikuwa anapita mara kwa mara. Kila akifika aliuliza mlangoni kama anaruhusiwa kuingia bila ku, na Bibi anamjibu aingie aketi, tumemzoea. Baada ya mwaka tisini na nne hakupita tena. Niboye hakuwepo, wala mkewe, wala yule binti aliyeolewa baba yake akiwa ndani ya suti ile. Sitasema zaidi ya hapo, kwa sababu aliyekuwepo anajua na asiyekuwepo siwezi kumjulisha.

Ila nasema hili. Tuliporudi nyumbani kutoka tulikokimbilia na maisha yakaanza kushika, jioni moja Bibi alimwita mama akamwambia amletee mafuta ya paka. Mama aligeuka akamtazama. Kaka yangu, ambaye alisharudishwa aseme upya mara ngapi kwa makosa ya namna ile, alifungua mdomo, mama akamkanyaga mguu. Bibi hakujisahihisha. Mpaka anakufa hakuyaita tena vingine. Kiswahili chake chote kilibaki safi kama maji, na shimo moja tu ndani yake, na hakuna aliyelizungumzia.

Siku ya arobaini yake, tukiosha vyombo, mama ndipo aliponiambia. Jumatano ile, mimi nikiwa shuleni, Bibi alimwita chumbani akafunga mlango, akamuuliza kwa Kinyarwanda, ambacho mama hakuwahi kumsikia akikisema, jinsi wao wangelisema lile neno la mzee. Mama akamjibu: gusiga, kupaka mafuta mwilini. Bibi akamwambia asimwambie mtu, atatafuta namna. Na jioni ile, kabla hajaipata hiyo namna, nikaingia mimi na "mnene" wangu.

Kwa hiyo alijua. Alijua mafuta si ya paka, alijua na neno si la karatasi, akalichukua vilevile kwa sababu lilitufaa sote wawili. Nilikuwa nimejivunia miaka mingi kwamba nilimdanganya Bibi. Niliposikia vile nilicheka na sahani mkononi, halafu nikashindwa kuendelea kuosha.

Onyo lake, hata hivyo, limetimia. Mwaka juzi goti langu la kulia lilianza kuuma, lilelile. Daktari alilipima akasema ni umri, na zaidi ni uzito, nimenenepa. Nilimwambia sawa, daktari. Mimi najua neno hilo lilitoka wapi.

Ananipa vidonge na ninavimeza, lakini jioni nalikanda kwanza kwa maji ya moto kisha najipaka kama Bibi. Namwita binti yangu aniletee mafuta ya paka. Yeye amesoma shule nzuri, Kiswahili chake kimenyooka, na kila mara ananisahihisha kutoka chumbani: mama, ni ya kupaka. Namwambia najua. Mimi nataka ya paka.